Vumbi Lisiingie Humu

Wodini, 3 Februari

Mdogo wangu Wembe,

Nakusalimu wewe, wifi na hao wanangu wawili. Mama mwambie nakula. Usimwambie nakula nini, maana ataanza kupika na kutuma, na humu hakiingii chakula kilichopikwa nje hata kikiletwa na malaika.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwa sababu simu unaikata nikianza kukukaripia. Barua huwezi kuikata.

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu wanimiminie seli zako. Watu wanadhani nilipasuliwa. Wapi! Ilikuwa dripu tu, mfuko mmoja mwekundu mwekundu, nikauangalia ukiisha tone kwa tone huku nesi akinipima joto. Kwanza waliua uboho wote wa ndani ya mifupa yangu kwa dawa, kisha seli zako zikakuta nyumba tupu na kujipangia vyumba. Sasa zimeanza kutengeneza damu. Daktari anasema hata kundi langu la damu litageuka kuwa lako. Kundi sina shida nalo. Shida ni kwamba tangu wiki jana manesi wanasema nakoroma.

Ila kwa sasa sina kinga. Daktari wangu, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, alivuta kiti akaniambia: "Bakteria tunawajua, wakija tunawaona mapema. Ninaouogopa ni ukungu. Huu huu wa ukutani, wa mkate uliolala. Mimi nauvuta kila siku na mapafu yangu yanauua. Yako kwa sasa hayana mlinzi." Ndiyo maana hakuna maua humu, hakuna udongo, hakuna tunda la kuliwa na ganda, na dirisha halifunguliwi. Juu ya dari kuna feni yenye kichujio inayosukuma hewa safi ndani, na hiyo hewa inatoka nje kupitia chini ya mlango. Hewa itoke, isiingie. Hiyo ndiyo siri yote ya chumba hiki.

Sasa nisikilize. Tangu Jumatatu nasikia nyundo na tindo ghorofa ya chini. Wanabomoa ukuta wa tofali. Sihitaji kuuona, miaka ishirini na mbili ya kupiga plasta imenifundisha kuujua kwa mlio. Kuna mwenzangu chumba cha nne, tunamwita Mama Pacha, mwalimu wa hesabu. Tunagongeana ukuta asubuhi: mara mbili maana yake nimeamka, mara tatu maana yake nimekula. Leo aligonga mara nyingi mno, nikajua naye zile nyundo zinamkera.

Wakiniruhusu, labda mwezi wa nne, nitakuja nyumbani. Naomba chumba cha nyuma. Kifagie, kipige deki, basi. Mimi si mtu wa makuu.

Dada yako

*

Nyumbani, 22 Februari

Dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mama akiwa anasikiliza. Pale pa kukoroma alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akasema hata baba yenu alikuwa hivyo, kumbe mnarithishana.

Huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu, watoto wanauliza shangazi atarudi na nywele au bila nywele. Nimewaambia mwenye kinyozi ndani ya nyumba hana haja ya kuharakisha nywele. Kibandani wateja wapo. Juzi mzee mmoja alitaka nimnyoe nusu tu ya kichwa, eti nusu nyingine mke wake anaipenda. Nikamwambia mzee wangu, nenda kamlete mke wako tuelewane wote watatu.

Tangu nitoe zile seli mwili umerudi sawa. Mifupa iliuma siku nne kama mafua makali, basi. Nikipita njiani nawaza kwamba kuna damu yangu inatembea mahali pengine na inafokea watu.

Kuhusu chumba cha nyuma. Nimefikiri, naona si vibaya ukitoka hospitali ukakaa kwanza kwa binamu yetu wa huko mjini. Ni karibu na kliniki. Ana kitanda cha ziada. Huku barabara ni mbovu, halafu watoto wana kelele, halafu mama naye unamjua. Nimeshaongea na binamu, hana neno.

Ukae salama. Usigombane na watu wa hospitali, wanakusaidia.

Wembe

*

Wodini, 10 Machi

Wembe,

Salamu kwa wote. Zako wewe nimezipunguza.

Barabara mbovu? Watoto wana kelele? Nimelelewa katika nyumba hiyo tukiwa tisa na jogoo asiyejua saa. Binamu ni mtu mzuri, Mungu ambariki na kitanda chake cha ziada, lakini mimi nina kwetu. Kama hunitaki, niandikie kwa maneno hayo hayo. Usinizungushe kama mteja unayemvizia umkate sikio.

Sasa habari ya vumbi. Ijumaa iliyopita niliona kingo za kitanda zina unga mweupe. Nikapitisha kidole, nikausugua. Chokaa ya plasta kuukuu. Nikachana tishu ukanda mwembamba, nikaubandika kwa plasta ya kidonda kwenye uwazi wa chini ya mlango. Hewa ikiwa inatoka, ule ukanda unapaswa kuegemea nje. Wembe, ulikuwa umelalia ndani.

Nikabonyeza kengele. Nesi mkuu akaja, akautazama ule ukanda, akachuchumaa akautazama tena. Hakuniambia nitulie. Alitoka mbio. Ikajulikana kwamba mafundi wa chini wameunga mashine zao kwenye umeme wa upande wetu, na feni za vyumba vitatu zimezimika tangu Jumatano. Pazia lao la kuzuia vumbi lilikuwa nailoni moja iliyobandikwa kwa selotepu, na chini limeachwa linapepea.

Injinia wa hospitali akaja kusimama nje ya kioo changu, kofia ngumu kichwani. Tukaongea kwa simu ya ukutani.

"Mama, kazi hii ina ratiba. Tutajitahidi kupunguza vumbi."

"Vumbi halipunguzwi, linazibwa. Mmeweka nailoni ngapi?"

"Moja. Inatosha kwa kawaida."

"Kwa kawaida watu wana kinga. Weka mbili, kati yake nafasi ya mtu kupita na kuvua viatu. Juu ziba mpaka kwenye zege, siyo mpaka kwenye silingi bodi, maana vumbi linapita juu ya silingi kama panya. Loweka ukuta kabla ya kuupiga. Kifusi kitoke kwenye mifuko iliyofungwa, dirishani, siyo kwenye lifti ya wagonjwa."

Akanitazama. "Wewe ni nani hasa?"

"Mgonjwa wa chumba cha tatu. Na fundi."

Akasema atapeleka maoni yangu. Nikamwambia sitoi maoni, na kwamba kuanzia dakika hiyo mimi na Mama Pacha tutabonyeza kengele kila tukisikia nyundo. Tulibonyeza kweli. Mwalimu yule ana kidole cha chuma. Saa nane mchana kazi ikasimamishwa, na haijaanza tena mpaka leo.

[Hapa naandika mimi, nesi wa zamu, kwa maneno yake, kwa kuwa mkono wake umechoka.] Seli zako zimeanza kugombana na ngozi yangu, nimetoka vipele mwili mzima, na dawa ya kuzituliza inanitia uvimbe wa uso. Hakuna cha kutisha. Mimi mzima. Chumba cha nyuma, Wembe.

Dada yako

*

Nyumbani, 2 Aprili

Dada,

Mama hajambo, ila goti. Wifi yako hajambo. Mtoto mdogo kang'oka jino la mbele, analitembeza mtaani kama medali.

Nimechelewa kujibu, najua. Nilikuwa na mambo.

Tuongee kiutu uzima. Tangu nikujue hujawahi kumwachia mtu mwingine akuandikie hata orodha ya misumari. Mkono umechoka kwa kitu gani? Uko kitandani. Nimepiga simu wodini mara tatu, ninajibiwa "anaendelea na matibabu". Mtu mzima haendelei na matibabu kwa sauti ile. Niliyekupa seli ni mimi. Kama zinakuumiza nina haki ya kujua.

Usije huku kwanza. Nakuomba. Siyo kwamba hutakiwi. Naomba usiniulize.

Wembe

*

Nyumbani, 16 Aprili

Dada,

Hujajibu. Nesi mkuu amenionea huruma akaniambia uko chumba cha mahututi, kwenye oksijeni, na kwamba akija kukuona atakusomea nitakachoandika. Kwa hiyo nesi, samahani kwa utakayoyasoma, na wewe dada, naomba uwe hai wakati wa kunitukana.

Unakumbuka mwaka juzi ulisimama uani ukaniambia lile bati la nyuma limeachia na mvua itaingia? Nikasema kesho. Sikufanya. Mvua za mwaka jana zikaingia, silingi bodi za chumba cha nyuma zikaloa, zikabonyea, zikaota weusi. Weusi wa manyoya, dada. Ulipougua nikasema nitakishughulikia kabla hujarudi. Ulipoomba chumba hicho nilinunua rangi nyeupe nikaupaka ule weusi juu kwa juu. Baada ya wiki moja ukatokeza tena katikati ya weupe, mkubwa kuliko mwanzo.

Nilipokuja kwa vipimo vya damu nilimuuliza daktari wako, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani, je, mgonjwa akirudi kwenye nyumba yenye ukungu? Akasema, "Mwambie huyo jirani asimpokee." Basi. Nikaona bora unichukie kuliko nikuambie kwamba mkono huu uliokupa seli ndio huo huo uliokuwekea ukungu juu ya kitanda.

Sasa nimesema. Mama hajui. Amka unitukane.

Wembe

*

Wodini, 5 Mei

Wembe,

Nimeamka. Mjinga wewe.

Salamu kwa mama, wifi na mwenye medali. Naandika mwenyewe, kama unavyoona herufi zinavyotembea kama kuku wenye minyoo, lakini ni zangu.

Nesi mkuu alinisomea barua yako nikiwa na barakoa ya oksijeni. Anasema pale pa rangi nyeupe nilijaribu kuinuka. Kupaka rangi juu ya ukungu! Ndugu wa fundi! Hasira ile ilinipandisha mapigo ya moyo mpaka mashine ikalia, na daktari akaja kuuliza nani amemsomea mgonjwa nini.

Nami nina langu. Nilianza kukohoa tarehe sita Machi. Nilipokuandikia kwamba mimi mzima, nilikuwa nimeshapigwa picha ya kifua, na kwenye pafu la kulia kuna doa la ukubwa wa kifungo cha shati. Ukungu. Dawa ya kutuliza ugomvi wa seli zako iliondoa hata ule ulinzi mdogo uliokuwa umeota, na wenyewe ukapata nafasi. Sikutaka ujue kwa sababu nilijua utasema ni seli zako. Kwa hiyo mwezi mzima wewe unanificha ukungu wa dari, mimi nakuficha ukungu wa pafu. Mama yetu angetuchapa wote kwa kiatu kimoja.

Sasa natumia dawa inayoufisha. Siku za kwanza ilinichezea macho, nikaona pembeni ya kila kitu rangi zinazotetemeka, nesi akaja kama mtu aliyezungukwa na moto wa kijani. Nilimwambia amependeza. Doa lilikua likawa la ukubwa wa yai, likatema damu kidogo, ndipo nikapelekwa mahututi siku kumi na mbili. Sasa limeacha kukua.

Seli zako zinafanya kazi. Daktari amenionyesha karatasi. Ndizo zinazopigana humo ndani pamoja na dawa. Nikikusikia tena unazilaumu nitakurudishia moja moja kwa posta.

Mama Pacha amefariki, Wembe. Tarehe kumi na tisa Aprili. Ukungu huo huo, mapafu yote mawili, kisha kichwani. Nilirudishwa chumba changu, asubuhi nikagonga ukuta mara mbili, nikagonga tena, na nesi akaingia akakaa kitandani kwangu. Nililia mpaka kifua kikauma, halafu nikaomba kalamu.

Maana juzi amekuja mtu wa utawala na karatasi ya kusaini, kwamba nimeelezwa na nimeridhika kuwa ujenzi hauhusiani na maradhi yangu. Mtu mpole, tai imenyooka.

"Ni taratibu tu," anasema kwenye simu ya kioo. "Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ukungu ulitoka chini. Unaweza kuwa ulikuwa kwenye mapafu yako tangu zamani, kwa kazi yako."

Na huo ni ukweli. Daktari naye aliniambia hivyo hivyo, hajui ulitoka wapi na hatajua. Nikamjibu yule bwana:

"Sikuomba mthibitishe. Niliomba mzibe."

Sikusaini. Nimeandika karatasi yangu mwenyewe: siku nyundo zilipoanza, siku feni zilipozimika, siku ukanda wa tishu ulipolalia ndani, nani alikuja na alisema nini. Nesi mkuu ameweka sahihi yake chini ya yangu, na yeye ana kazi ya kupoteza. Mume wa Mama Pacha ameipeleka kwa mkurugenzi kwa mkono wake.

Sasa hiyo dari. Fanya hivi na usijifanye unajua. Kwanza bati. Kama maji bado yanaingia, mengine yote ni upuuzi. Pili, watoto na mama watoke wakakae kwa jirani siku hizo. Vaa barakoa nene, glavu, nguo za kutupa. Funga mlango wa chumba kwa nailoni, dirisha wazi. Nyunyizia maji zile bodi ziloe kabla ya kuzigusa, ukungu mkavu ukiutikisa unaruka. Usizisugue, usizikwangue: zikate, zitie mfukoni humo humo chumbani, funga, toa nje. Mbao zilizolainika nazo kata. Plasta ya ukutani iliyovimba, bandua mpaka kwenye tofali. Acha pakauke wiki tatu, na usinidanganye kwamba wiki mbili zinatosha. Na hiyo rangi nyeupe mpe adui.

Dada yako, fundi

*

Nyumbani, 11 Juni

Dada,

Nimefunga kibanda cha kunyolea siku tano, nikapanda juu ya paa mimi mwenyewe na mume wa jirani. Bati limefungwa, na lile la pembeni yake pia.

Ilibidi nimwambie mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Dada yako alikuambia lini kuhusu bati?" Nikasema mwaka juzi. Akaenda jikoni. Nikadhani yameisha. Kumbe alienda kutafuta kiatu.

Alikataa kwenda kwa jirani. Alikaa uani kwenye kiti, khanga puani, akinihesabia mifuko: ilikuwa kumi na saba. Nilipobandua plasta upande wa dirisha nilikuta ukungu umeshuka mpaka usawa wa kitanda, na hapo ndipo nilipovua glavu nikakaa chini. Ungelala hapo, dada. Kichwa chako kingekuwa hapo hapo. Mama alichungulia dirishani, akaniona, hakunigombeza tena. Akasema, "Inuka umalize."

Nimemaliza. Wiki tatu kamili, wifi yako ameziandika kwenye kalenda. Bodi mpya, plasta mpya. Plasta nimepiga mimi, ina mawimbi, utaicheka. Nilimpigia daktari wako, safari hii bila kusingizia jirani, nikamweleza kila hatua. Akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia mgonjwa wako.

Njoo nyumbani.

Wembe

*

Hosteli ya wagonjwa, 27 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na kwa mama salamu za pekee pamoja na kiatu chake.

Kama unavyoona juu, nimetoka wodini. Doa limesinyaa, limebaki kovu. Vidonge vya ukungu nitameza miezi mingi, barakoa nitavaa, damu nitapimwa kila wiki, na daktari hakunificha: ukungu unaweza kurudi, na ugomvi wa seli unaweza kurudi. Nikamwambia na mimi naweza kurudi. Akacheka, Wembe! Yule mama akacheka, manesi wakageuka kuangalia kuna nini.

Kupiga plasta amenikataza. Nilimuuliza mwaka mmoja? Akasema, "Tutaona." Nikamuuliza, "Na kusimamia wanaopiga?" Akasema, "Ukiwa mbali na vumbi." Siku hiyo niliipokea vibaya. Nilikaa nikaitazama mikono yangu, ilivyokuwa laini kama ya karani, nikaona aibu, sijui kwa nini. Sasa nimeamua kwamba mikono ni yangu hata ikiwa laini.

Jumanne mkurugenzi aliniita, pamoja na injinia, yule wa tai, nesi mkuu na mume wa Mama Pacha. Walinisomea karatasi yangu kwa sauti. Yule wa tai akaanza tena habari ya kuthibitisha, na mume wa Mama Pacha, ambaye hajawahi kuongea mbele yangu zaidi ya salamu, akasema, "Mke wangu alibonyeza kengele mpaka kidole kikavimba. Nyie mnajua alikuwa anataka nini." Injinia akainamisha kichwa, kisha akatoa mchoro akauweka mbele yangu, siyo mbele ya mkurugenzi. Kuta mbili za mbao, mlango katikati, kuziba mpaka kwenye zege, umeme wake peke yake. Nikachukua kalamu nikasahihisha sehemu mbili. Aliandika.

Hilo halimrudishi mwalimu. Nimemwambia mumewe hivyo, na yeye amesema anajua.

Kwa hiyo sikiliza. Najua mmesema Alhamisi hii na wifi ameshatandika. Sitakuja Alhamisi hii. Jumatatu wanaanza kubomoa upande wa pili, juu yake kuna vyumba sita, na vyote vina watu. Nataka nizione hizo kuta mbili zimesimama na ukanda wa tishu umelalia nje katika kila mlango, kabla nyundo ya kwanza haijapigwa. Daktari alikataa kabisa. Tumebishana robo saa. Mwisho ameniruhusu niangalie kutoka nyuma ya kioo cha korido, barakoa usoni, dakika kumi, na nisiguse kitu.

Kioo nimekubali. Kuondoka sijakubali.

Dada yako